Fundo la Masikio Matatu

Nilikwenda Kasulu kwenye arobaini ya Bi Tatu, nikapewa kiti cha plastiki, sahani ya pilau, na chupa ya asali ambayo sikuiamini. Pilau niliiamini kwa sababu niliona sufuria moja inapakuliwa kwa watu wote. Lakini ile chupa iliwekwa mbele yangu peke yangu, na mtu akiwekewa kitu peke yake katikati ya umati, lazima ajiulize. Nikaigeuza. Kwenye karatasi iliyobandikwa ubavuni kulikuwa na picha ya kamba iliyofungwa fundo, na fundo lenyewe lina masikio matatu. Nikaacha kula. Fundo lile ni langu. Tuseme niliazimwa, na aliyeniazima yuko kaburini, kwa hiyo kwa sasa hapa duniani ni langu. Nikaangalia tena, nikaona sikio la tatu limelazwa upande usio wake. Nikasema moyoni, huyu mwizi hata kuiba hajui.

Mwizi mwenyewe akaja akakaa pembeni yangu. Ni Sauda, binti wa marehemu, mtu mzima sasa, ndiye anayeendesha duka la wazazi wake. Huniita mjomba. Akasema, "Mjomba, usinune. Nimechapisha chache tu, za kukuonyesha. Nilitaka uione kabla sijaomba." Nikamwambia, "Umeshachora ndipo unaomba? Kwetu mtu huomba mbuzi kabla ya kumchinja." Akacheka, kisha akaanza kunieleza mambo aliyofundishwa kwenye semina Kigoma mjini. Kwamba bidhaa hukaa kwenye rafu, lakini chapa hukaa kichwani mwa mnunuzi. Kwamba chapa ni ahadi. Kwamba hujengwa polepole na hubomoka kwa siku moja. Nikamsikiliza, mimi niliyeishia darasa la pili, tena la pili lenyewe nililikimbia kwa sababu ya mwalimu mmoja mwenye fimbo ya mgunga, lakini hiyo ni habari nyingine. Nikamwambia, "Mwanangu, hayo yote niliyasoma katika duka la baba yako, mwaka ule kabla wewe hujazaliwa. Na aliyenifundisha somo la mwisho ni huyu tunayemsomea dua leo. Acha nimalize pilau." Sikumaliza. Nilibaki nimeshika kijiko, nikiwa nimesharudi nyuma.

Ulikuwa mwaka uliofuata ule wa kuhamia vijijini. Habari za baba na mama yangu sitaziandika, makaburi yao yapo na yanatosha. Ila jina langu ni Bazombanza, na kwa Kiha maana yake ni "wataanza na mimi." Mtu aliyezaliwa akapewa jina la namna hiyo hawezi kuwa mtu wa kufumba macho anaposali. Mwaka ule tulikuwa tumepangwa kwenye mistari, nyumba kwa nyumba, na jirani zangu walikuwa watu ambao sikuwahi kuwajua. Mtu akikohoa kwake unasikia kwako. Ukichinja kuku, nyumba ya tatu wanajua ni jogoo au tetea. Kila mmoja alimchungulia mwenzake. Mimi nilikuwa kijana mwenye mke mpya na sina kitu, basi nikawa nashinda kwa baba mkwe wangu, Kibondo, upande wa porini, alikokuwa na mizinga yake ya magogo juu ya miyombo. Jina lake silitaji. Kwetu mkwe hatajwi, hata akifa, hata mkono ukiwa unaandika na mdomo umefungwa. Nilimwita databukwe, na hapa atakuwa databukwe.

Nyumba yake ilikuwa na chumba kimoja cha asali, hakina dirisha, kinanuka moshi na nta mpaka ukitoka nje nyuki wanakufuata kama ndugu. Vibuyu vilipangwa chini, vyote kimo kimoja, maana alivichagua shambani vingali kwenye mtambaa, na kilichozidi au kupungua aliwapa wanawake wachotee maji. Akishajaza kibuyu anakiziba kwa nta, kisha anakifunga shingoni kwa kamba ya gome la myombo. Hapo sasa ndipo anageuka. Anakupa mgongo. Unasikia kamba inalia kwii, kwii, na akikugeukia tena fundo limeshakaa, masikio matatu yamesimama kama ya sungura aliyeongezewa. Hakuna aliyejua kulifunga. Mke wake hakujua. Kule porini kila mrina asali ana alama yake anayoikata kwenye mzinga, na mtu hagusi mzinga wenye alama ya mwenzake hata akiwa anakufa njaa. Yeye alama yake aliitoa kwenye mzinga akaileta mpaka kwenye kibuyu. Sauda anasema hiyo wasomi wana jina lake. Sawa. Databukwe hakuwa na jina lake, alikuwa na mgongo.

Alinifundisha fundo kwa sababu hakuwa na mtoto wa kiume wa kupanda miti, si kwa sababu alinipenda. Tulikuwa tumekaa wawili, tunakula ugali wa muhogo na maharage yaliyotiwa mawese, akasukuma bakuli upande wangu na kusema, "Nakuazima fundo. Sijakupa. Asali iwe ya sega lililofunikwa, isipikwe, isiwe na majana ya nyuki ndani. Usilifunge kwenye asali ya mtu mwingine, hata awe ndugu yangu. Na siku likisemwa vibaya, nitakuja kulikata mwenyewe, mbele ya hao waliolisema, na wewe hutapanda tena mti wangu." Nikasema, "Nimesikia, databukwe." Akasema, "Umesikia kwa masikio. Masikio yako ni mawili tu." Nikalala usiku ule nikijiuliza ananitega au vipi. Maana bila ile mizinga mimi nilikuwa si mtu. Nilikuwa mkwe anayekula maharage ya watu.

Basi nikapeleka asali Kasulu, juu ya lori, kupitia Makere, nimekumbatia vibuyu kama mtu aliyebeba watoto wa mwenzake. Nikaifikisha kwa Mrisho. Huyu ndiye baba yake Sauda. Alikuwa mfanyabiashara, Mwislamu, wazee wake walitokea pwani wakapitia Ujiji wakabaki huku kwenye baridi. Mtu wa mwili, mwenye meno mapana, na duka lake lilikuwa na kaunta ya mbao iliyong'aa kwa viwiko vya watu. Nyuma yake sabuni za mche, chumvi, mafuta ya taa, na kanga zinazoning'inia. Nilimshuku tangu salamu ya kwanza, kwa sababu alinikaribisha vizuri mno. Lakini jambo moja alilijua kuliko wafanyabiashara wote wa mji ule. Kwetu Buha, mtu akikupa pombe, yeye ndiye huanza kuvuta mrija. Akikupa asali, yeye hulamba kwanza. Watu wa mbali huona ni uroho. Si uroho, ni kukwambia: kama kuna sumu humu, mimi natangulia. Hakuna Muha atakayepokea kitu kitamu kutoka kwenye mkono ambao haujakionja.

Mrisho alikuwa na kibuyu kimoja cha kuonjesha, kipo wazi kwenye kaunta na kijiti ndani. Mnunuzi akiingia, Mrisho anachovya, analamba, na kupiga ulimi: tlaa! Mlio ule ulisikika mpaka barabarani. Kisha anafumba macho kama mtu aliyekumbuka kwao. Watu walianza kuja kuusikia. Walitoka Makere, walitoka Kitanga, wengine walipanda kutoka Buhigwe siku za gulio, wanapita maduka mengine yenye asali ya madebe, tena asali si mbaya, wanakuja kuuliza, "Ile ya fundo ipo?" Hawakuuliza jina langu. Hawakumjua databukwe. Waliulizia fundo na walimtazama mdomoni Mrisho, basi.

Nikija Kasulu nililala chumba cha nyuma, katikati ya magunia, kunanuka mdalasini na mafuta ya taa. Ukuta wa kuelekea uani ulikuwa wa mbao zilizoachana, na mimi sikuuchagua kwa ajili ya kusikiliza, ila masikio hayana mlango. Huko uani ndiko alikokuwa Bi Tatu, mke wa Mrisho, mrefu, mkimya, anayepika sombe ya majani ya muhogo na samaki migebuka kwa namna ambayo mpaka leo nikila kwingine naona nimedanganywa. Walikuwa hawana mtoto. Mimba zilikuja na kuondoka. Nilisikia wanawake wa jirani waliokuja kuazima kinu, Bi Tatu alipoingia ndani kukichukua, mmoja akimwambia mwenzake, "Umekiona kitanda cha mtoto? Kinawekewa vitunguu." Na mwenzake, "Nyamaza, mwenyewe anakuja." Aliporudi wakamsifia kanga yake. Bi Tatu akawajibu asante, asante sana, na walipokwenda nikamsikia akijisemea, "Macho ya watu yana njaa." Nikasema, kumbe humu ndani siko peke yangu.

Sasa, jambo la Kitanga. Vibuyu vikawa haviwahi kukaa, na Mrisho siku moja akanivuta pembeni. "Bwana mdogo, kuna asali imeletwa kutoka Kitanga. Safi kabisa. Tia fundo lako, tuuze." Nikamwambia haiwezekani. "Kwa nini? Asali ni asali. Wewe unadhani wanajua tofauti? Fundo ndilo linalouza." Nikamwambia, "Kama fundo ndilo linalouza, basi ndilo la kuogopa." Akacheka na yale meno yake, akanipiga begani, "Waha nyie! Mkipewa kiti mnakagua miguu yake." Hatukugombana. Lakini jioni ile nilipita dukani nikamkuta ameinama nyuma ya kaunta, ameshika kile kibuyu cha kuonjesha na kamba yake, anaipinda hivi, anaipinda vile. Aliponiona akaiacha. Akasema, "Sisimizi wanaingia." Sikuona sisimizi. Nikarudi Kibondo na kile kitu kimenikaa kifuani kama tonge lililoshuka vibaya.

Haukupita muda mrefu, dereva wa lori, mtu wa mdomo, akasimama kwetu na kupiga kelele toka juu ya gari, "Wee Bazombanza! Asali yenu imelala huko Kasulu. Watu wanaikimbia!" Alisema hivyo databukwe akiwa amekaa pale pale anachonga mzinga. Mzee aligeuza kisu upande wa pili, akakipitisha kwenye jiwe. "Tangulia wewe," akaniambia. "Mimi nitakuja siku ya gulio." Nikajua anakuja kukata.

Nikafika Kasulu na vibuyu vipya na moyo mweusi. Mwezi wa Ramadhani ulikuwa umeingia. Dukani vibuyu vilikuwa vimejaa rafu, vile vile nilivyoviacha. Nikakaa kwenye gunia kutazama. Akaja baba mmoja, akaomba asali ya fundo. Mrisho akamwekea kibuyu mbele yake. Yule baba akasubiri. Mrisho naye akasubiri. Wakatazamana. Yule baba akamwangalia mdomoni, akakiangalia kile kijiti, akasema atapitia baadaye, na sote tulijua maana ya baadaye. Alipotoka nikauliza, "Mbona hulambi?" Mrisho, midomo imemkauka, akajibu, "Nimefunga. Huoni?"

Hapa naomba mnielewe. Mimi ni Mkatoliki wa porini. Kufunga nilikujua: ni Kwaresima, unaacha nyama siku ya Ijumaa, unakula maharage kwa huzuni. Asali si nyama, na kulamba si kula. Hivyo ndivyo sisi wote wa kutoka vijijini tulivyojua, na wale wanunuzi ndivyo walivyojua. Hakuna aliyewahi kutuambia kwamba mwenzetu hapitishi hata tone la maji kutoka alfajiri mpaka jua lizame. Mrisho kwa upande wake hakuona la kueleza, kwake ilikuwa kama kueleza kwamba mvua inanyesha kutoka juu. Kwa hiyo aliposema nimefunga, mimi nilisikia: nimepata kisingizio. Nikakumbuka asali ya Kitanga. Nikakumbuka ile kamba. Nikamwambia, "Unajua ulichotia humo, ndiyo maana hulambi." Akainuka. "Mimi? Na wewe umeniletea kitu gani mpaka watu wanakikimbia? Labda kule porini mmeanza kutia maji ya ndizi!" Tukasimama hivyo, kila mmoja amemshuku mwenzake kwa nguvu zake zote, na katikati yetu asali imenyamaza.

Nikasema nitalamba mwenyewe. Alipoingia mama mmoja wa Makere na mtoto mgongoni, nikachovya kile kijiti, nikalamba, nikapiga ulimi, ingawa haukulia kama wa Mrisho. Yule mama akanitazama toka juu mpaka chini. "Wewe ni nani?" Nikamwambia mimi ndiye mrinaji. "Yemwe! Wewe umefika leo, unanuka vumbi la lori. Hii imekaa hapa siku zote hizo. Aliyekaa nayo ndiye alambe." Akatoka. Na alikuwa na haki, ndilo lililoniuma. Ningekuwa mimi ningesema hivyo hivyo.

Mrisho akaenda kwa shekhe wake. Akarudi uso umefunguka kidogo, akasema ameambiwa kwamba akiwa na haja anaweza kuonja kwa ncha ya ulimi na kutema, na funga yake haiharibiki. Shekhe alisema kweli, lakini hakuwa muuza asali. Akaingia mzee wa Kitanga na mkongojo. Mrisho akachovya, akagusisha ulimini, akageuka pembeni, akatema. Ptu! Kwenye kona, juu ya sakafu yake mwenyewe. Akamgeukia yule mzee anatabasamu. Mzee yule sijui alipata wapi miguu. Mkongojo aliuacha kwenye kaunta. Kufikia jioni mji mzima ulikuwa na habari, na kesho yake wanawake waliopanda kutoka Buhigwe na mizigo walikuwa wanaimba kwa kuchekeana barabarani: asali ya Mrisho, mwenyewe anaitema! Usiku huo wakati wa futari Mrisho aliniita tule pamoja, uji wa pilipili manga na mihogo. Nilisubiri aanze kula yeye. Aliona kwamba nasubiri. Akaanza, na macho yake yakawa mekundu, nadhani si kwa pilipili.

Siku ya gulio databukwe akashuka kwenye lori, amevaa koti lake la kanisani, kisu kiunoni. Alikataa maji. Alikataa kiti. Aliagiza vibuyu vyote vitolewe nje, vipangwe barazani, na mimi na Mrisho ndio tuliovitoa, kama watu wanaobeba vyombo vya nyumba iliyofiwa. Watu wakajaa. Watu wa gulio hawana haja ya kuitwa. Kwenye baraza la jirani walikaa wanawake wa mjini, wale wa kuazima kinu. Mzee akachuchumaa mbele ya vibuyu, akamwangalia Mrisho.

"Wewe ndiye unayeuza fundo langu?"

"Ndiye, mzee wangu."

"Lamba."

"Nimefunga, mzee wangu."

"Juzi ulilamba ukatema."

"Nilitema kwa sababu ya funga."

"Umechanganya kitu humu?"

"Sijachanganya. Mungu ndiye shahidi wangu."

"Mungu hanunui asali hapa," databukwe akasema, na watu wakacheka, si kicheko kizuri. Akachomoa kisu. Akakipitisha chini ya kamba ya kibuyu cha kwanza, taratibu, ili kila mtu aone. Mimi nilikuwa naangalia miguu yangu. Nilikuwa tayari naona namna nitakavyomwambia mke wangu kwamba sina tena mti wa kupanda.

Ndipo Bi Tatu akatoka. Alitokea mlango wa dukani, mlango wa wateja, ambao sikuwahi kumwona akiutumia. Kanga kichwani, mikono ina unga. Akapiga magoti mbele ya mzee kwa heshima, akakishika kile kibuyu kikiwa bado kwenye kisu, akakivuta. Mzee akakiachia, nadhani kwa mshangao. Bi Tatu akatoboa nta kwa kidole gumba, akainamisha kibuyu, akajaza kiganja. Hakulamba. Alikula. Jua liko utosini, mwezi wa Ramadhani, mbele ya msikiti mzima tuseme, alikula kiganja kile cha asali mpaka kikaisha, na koo lake tukaliona linashuka na kupanda.

Kwenye baraza la jirani sauti ikapaa, "Tatu! Mchana huu?"

Hakugeuka huko. Alimtazama databukwe. "Mzee wangu, mume wangu amefunga kwelikweli, hawezi. Aliyekaa na asali hii ni mimi. Iliyokosa nafasi dukani iko chini ya kitanda changu. Nimemeza, sikutema. Kama kuna kitu humu, basi tumekimeza wawili."

Nilidhani anasema yeye na Mrisho. Nilikuwa mjinga wa mambo hayo. Lakini wanawake wa baraza la jirani walijua ni mwanamke gani anayeruhusiwa kula mchana wa Ramadhani, na mmoja akashika mdomo. Mrisho akarudi nyuma, akakaa juu ya gunia la chumvi, akasema, "Tatu," basi. Hata yeye hakuwa ameambiwa. Mwanamke aliyeficha mimba yake hata kwa mumewe, kwa sababu kila aliyoitangaza aliipoteza, aliifungua hadharani siku ya gulio, mbele ya macho yale yale aliyoyaogopa, kwa ajili ya kamba ya gome la myombo ya mzee asiyemjua.

Databukwe alielewa kabla yangu. Alirudisha kisu kiunoni. Akaomba kibuyu kwa mikono miwili, akalamba yeye, halafu akampa mama aliyekuwa karibu, na kikazunguka. Akasema, na hii ndiyo kauli ndefu kuliko zote nilizowahi kumsikia akiwaambia watu wengi, "Mke wa mtu akiweka tumbo lake juu ya fundo langu, mimi ni nani nilikate?" Kisha akaomba maji ya kunywa. Bi Tatu alimletea, na mzee hakusubiri mtu aonje.

Vibuyu viliisha siku ile ile. Lakini sitawaambia kwamba baada ya hapo nilimwamini kila mtu, nitakuwa nawadanganya. Miezi iliyofuata nilikuwa nikifika Kasulu nasikiliza kwanza kwenye zile mbao kama Bi Tatu bado anatembea kwa uzito. Wanawake walikuja kuazima kinu mara nyingi kuliko walivyokuwa na cha kutwanga. Kinu akakitoa nje ya ua, wakichukue bila kuingia. Vitunguu vikahamishwa. Sauda alipozaliwa, akalia mwenyewe, databukwe alimpelekea kibuyu kidogo ambacho hakikuwa na kimo cha vingine, cha kwanza na cha mwisho cha namna hiyo nilichomwona akikifunga. Na nilimuuliza Bi Tatu, miaka mingi baadaye, Mrisho akiwa ameshatangulia, kama kweli mumewe siku ile alikuwa anafukuza sisimizi. Akaniangalia. "Bazombanza, wewe hata ukienda peponi utauliza nani amefagia." Kwa hiyo sijui. Niliamini nusu, na nusu nyingine nimezeeka nayo.

"Mjomba, pilau imepoa," Sauda akasema.

Nikaiweka sahani chini. Nikamuuliza, hii chupa yako itakwenda wapi? Akasema Kigoma, Mwanza, Mungu akijalia Dar es Salaam. Nikamuuliza, na huyo mtu wa Dar es Salaam, nani atamlambia? Akaanza kunieleza kizibo cha plastiki ambacho kikifunguliwa kinakatika, na wakaguzi, na muhuri. Nikamwambia hayo ni mambo ya kizibo, mimi nauliza mdomo. Hilo akalifikiria. Watu waliotuzunguka walikuwa wameanza kusikiliza, maana arobaini ikishasomwa watu hutafuta cha kusikiliza. Sikumwambia afanye lolote, naapa. Aliichukua ile chupa, akakata kizibo, akamimina kidogo kiganjani, akalamba. Na akapiga ulimi. Tlaa! Ule ule. Baba yake alikufa yeye akiwa mdogo sana, sijui aliupata wapi, isipokuwa kama mama yake alikuwa akiupiga jikoni peke yake. Kisha akanipa chupa. Nikalamba. Ilikuwa ya kwetu, ya miyombo, haijapikwa.

"Asali ni nzuri," nikasema. "Picha ndiyo mbovu. Sikio la tatu umelilaza."

"Nilichora kwenye kile kibuyu cha utotoni, mjomba. Kamba imezeeka. Hakuna aliyewahi kuona linavyofungwa."

Ni kweli. Wanangu wananiletea asali, nafunga mimi, nimewapa mgongo. Mke wangu alikufa hajui. Nikaomba kamba. Mtoto mmoja akakata ya katani kwenye gunia la mchele uliobaki jikoni, si gome la myombo lakini inapindika. Nikaiweka ile chupa kwenye magoti yangu, nikazungusha kamba shingoni, na mwili wangu ukaanza kugeuka wenyewe, kwa mazoea ya miaka hamsini.

Nikauzuia. Nikavuta kiti, nikakaa uso kwa uso na Sauda, nikasema, "Tazama mikono, usinitazame mimi." Nikaanza sikio la kwanza.